Miche Mnayo, Sheria Ndogo Ziko Wapi? Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Madiwani

Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji,

Barua hii inaletwa kwenu kwa sababu ninyi ndio mnaokaa kati ya mkutano mkuu wa kijiji na ofisi ya mkurugenzi. Mawaziri huenda kwenye mikutano ya dunia kuhusu tabianchi na kurudi na ahadi. Wanakijiji hubaki na jua, na mafuriko, na ng'ombe kama wale waliokufa kwa maelfu Simanjiro na Longido katika ukame wa 2021 na 2022. Mwananchi wa Kishapu au Kilosa akitaka kuchukua hatua hana pa kuanzia isipokuwa kijijini kwake, na kijiji chake, kwa mujibu wa sheria, hakifiki mbali bila kupita kwenye baraza lenu.

Siku ya kupanda miti mnaijua vizuri. Gari la halmashauri linashusha miche iliyo kwenye viriba, turubai linafungwa, wanafunzi wanapangwa juani na vidumu vyao vya maji, mgeni rasmi anachelewa kidogo. Akifika anashika koleo, anapigwa picha, mche unaingia shimoni. Jioni taarifa inakwenda mkoani. Lengo la kitaifa ni miti milioni 1.5 kwa kila halmashauri kwa mwaka, na kwa halmashauri 184 hiyo ni miti zaidi ya milioni 270 kila mwaka. Ingekuwa yote imesimama, Dodoma ingekuwa msitu zamani.

Kalenda nayo haisaidii. Aprili mosi ndiyo siku ya taifa iliyozoeleka, ilhali mvua za Shinyanga, Singida na Dodoma huanza Novemba au Desemba, na Aprili huwa zinaaga. Mche wa wiki hiyo hupata manyunyu ya mwisho, kisha miezi ya ukavu mtupu na mbuzi wa jirani. Baadhi ya mikoa imejipangia tarehe zake kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo tarehe ni tatizo dogo. Mche ule hauna mwenyewe. Hakuna atakayetozwa faini ukiliwa, wala hakuna anayejua atapata nini ukikua.

Kwa hiyo hoja inayoletwa mbele yenu ni ya mamlaka. Wananchi hawakosi uelewa, na miche haijawahi kuwa adimu. Wanapokuwa na sauti ya mwisho juu ya ardhi, kanuni na fedha za jambo fulani, hulifanya na kulilinda. Wakialikwa kama nguvu kazi, huja siku ya sherehe, wakanywa soda, wakaondoka. Ushahidi upo nchini humu na una umri wa karibu miaka arobaini.

Shinyanga ya zamani ilikuwa nchi ya miombo na migunga. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka misitu ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikachukua mashamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikaendelea kukatwa. Kisha zikaja operesheni za vijiji katika miaka ya 1970, familia zikahamishiwa vijiji vipya na kuacha nyuma maboma yao, mashamba yao na ngitili zao. Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Kwa wasomaji wasiotoka kanda hiyo: ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiguse, kisha hulifungua kipande kwa kipande kiangazi kinapokaza, Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokuwa yamekwisha. Ni ghala lisilo na paa. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji kizima, nyingine za shule au zahanati. Watu walipohamishwa, ghala hizo zilibaki bila wenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukata.

Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, kwa ufadhili wa Norway. Watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF walijiunga baadaye. Miaka ya mwanzo ilienda kama zinavyoenda sherehe zetu: vitalu vya serikali, miti mingi ya kigeni, mtaalamu anaeleza na mwananchi anasikiliza. Mavuno yakawa haba. Ndipo maofisa wakabadili mwendo, wakaanza kuwauliza wakulima na wafugaji wenyewe zamani ardhi hii ilikuwa ikitunzwa vipi. Jibu lililowarudia lilikuwa ngitili.

Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, uliokuwa na Maswa, Meatu na Bariadi, ambazo leo ziko Simiyu. Hebu linganisheni na taarifa yoyote ya upandaji miti iliyowahi kusomwa katika kikao chenu. Na miti mingi ya ngitili haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya udongo, vikisubiri ng'ombe waondoke kwa misimu michache.

Nani aliwaondoa ng'ombe? Hapo ndipo penye somo kwa diwani. Mipaka ya ngitili nyingi haina uzio wala seng'enge; ni mti fulani, kichuguu fulani, njia ya kwenda kisimani, na watu wote wanajua. Mchungaji aliyeingiza mifugo wakati eneo limefungwa hakuandikiwa barua na afisa misitu wa wilaya. Aliitwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi, mbele ya majirani wanaomjua yeye na baba yake. Kosa likatajwa, faini ikatajwa, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakahakikisha inalipwa. Mradi haukuibuni mamlaka hiyo. Uliikuta, ukaiheshimu, na serikali za vijiji zikaiandika kwenye sheria ndogo zao.

Faida ilipimwa. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, ukiongozwa na Profesa Gerald Monela na kutolewa 2005, ulikadiria kwamba kuni, malisho, dawa, matunda, asali, miti ya kujengea na nyasi za kuezekea kutoka kwenye ngitili vilikuwa na thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.5. Watafiti walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Wanawake walipunguziwa saa nyingi za kutafuta kuni na maji. Kijiji cha Wigelekelo, wilayani Maswa, kililinda bwawa lake kwa ngitili iliyolizunguka, na maji yakabaki kwa ajili ya watu, mifugo na bustani.

Haya yote yalianza kabla neno tabianchi halijaingia kwenye hotuba. Lakini ndiyo kazi yenyewe inayozungumzwa leo: miti inayofyonza hewa ukaa, udongo unaoshika maji, na malisho ya akiba kwa mwaka ambao mvua itakataa.

Barua hii haiipambi Shinyanga. Mwenye ng'ombe wengi aliweza kujitengea ngitili kubwa, huku kaya maskini zikitegemea ile ya kijiji, ambayo ndiyo huingiliwa mwanzo ardhi inapobana. Watu wameongezeka, mkaa unauzika, mashamba yanasogea. Ngitili isiyokuwa na sheria ndogo iliyopitishwa ni rahisi kumegwa, na mara nyingi mmegaji ana jamaa ofisini.

Tukifika hapo ndipo jina lenu linapotajwa. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukazijadili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake na mpango wa matumizi yake. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga msitu wake, kuulinda na kubaki na mapato. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Wananchi wamepewa kila kitu isipokuwa muhuri wa mwisho. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iipitishe, maana yake mpaka ninyi mkae, muisome na mnyooshe mikono.

Kijiji kikiandika sheria ndogo kinatumia muda wa watu. Kamati inakaa, mkutano mkuu unaitishwa mara mbili kwa sababu akidi ya kwanza haikutimia, mtendaji anachapa kwa gharama yake mjini. Halafu jalada linaingia kwa mwanasheria wa halmashauri, na huko likalala hata msimu mzima wa mvua. Katika msimu huo anayekamatwa akikata miti anaweza kuwaambia wanakamati waziwazi: nionyesheni sheria. Hawana. Wakimtoza faini, wao ndio wanaoitwa polisi. Mwaka unaofuata hakuna atakayekubali kuwa mwanakamati, na msilaumu kwamba wananchi hawana mwamko.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi na wa sasa, uko Dodoma. Kisiki Hai ni kampeni ya mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit, na kazi yake haihitaji kitalu, bomba wala gari. Mkulima anasimama shambani mbele ya kisiki chenye machipukizi kumi au kumi na tano yanayogombania maji yale yale. Anachagua machache yaliyonyooka, mengine anayapogoa kwa panga kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Anafunga kitambaa kwenye yaliyobaki, kila mtu aone kwamba mti huu una mtu. Kisha anaulinda. Mizizi yake ni ya zamani na imeshika chini, kwa hiyo unakua haraka kuliko mche wowote wa kiriba. Gharama ni panga na kitambaa kikuukuu, pamoja na makubaliano ya kijiji kwamba mifugo haitaachiwa mashambani kiholela baada ya mavuno. Panga na kitambaa mkulima anavyo. Makubaliano ndiyo yanahitaji baraza.

Kilosa kuna funzo gumu kidogo, kwa sababu linahusu mkaa, na mkaa hauna rafiki hadharani ingawa magunia yake yanaingia mijini kila usiku. Kwenye vijiji vilivyoshirikiana na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA, sehemu ndogo ya msitu wa kijiji iligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, na kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 visiki vichipue. Ushuru ulikwenda kijijini, na vijiji vikajenga madarasa na kukarabati zahanati. Mtu anaweza kuupinga mpango huo, na wapo wanaoupinga kwa hoja nzuri. Ila kabla ya kuupinga ajibu kwanza mkaa unaoliwa mjini kwake leo unatoka msitu gani, na nani anaupangia mwaka wa kupumzika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka hapo sufuria nyingi zitaendelea kukaa juu ya jiko la mkaa.

Kuhusu biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kulinda misitu inayofyonza hewa ukaa, maneno yawe machache na macho yawe wazi. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyolinda misitu ya Ntakata vimelipwa mabilioni ya shilingi, na madarasa na zahanati vinaonekana. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wameingia kwenye mpango kama huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Sasa kampuni zinabisha hodi kwenye kata nyingi, na tangu 2022 kuna kanuni za serikali za biashara hiyo. Mkataba wa miaka ishirini au thelathini ukifika kijijini kwa lugha ambayo mwenyekiti haisomi, kazi ya diwani ni kuusimamisha hadi utakaposomwa kwa Kiswahili mkutanoni, kifungu kwa kifungu, hasa kile cha mgawanyo wa fedha na kile cha nani anawajibika moto ukiunguza msitu.

Na fedha za halmashauri? Majirani wa Kenya wana jambo la kuangaliwa. Kaunti ya Isiolo ilianza kujaribu mfuko wake wa tabianchi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikaweka kwamba asilimia 70 ya fedha za mfuko iende kwenye miradi iliyochaguliwa na kamati za wadi. Kamati hizo zilipatikana kwa wananchi wenyewe. Ngazi ya juu iliweza kulirudisha andiko la mradi liboreshwe, lakini haikupewa nafasi ya kulitupa na kuweka la kwake. Cha kwanza wafugaji walichokitaka si mitambo. Walitaka kuimarishwa kwa dedha, baraza la wazee wa Kiborana linalopanga nani achunge wapi na lini, pamoja na kukarabati vyanzo vya maji. Kenya baadaye iliupanua utaratibu huo kwenda kaunti nyingine. Longido, Monduli na Ngorongoro nako uliwahi kujaribiwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza wataalamu kutoka mbali.

Hapa kwetu, asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria imeitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imo mikononi mwa halmashauri zenu. Mikopo mingi huishia kwenye bodaboda na kuku, na hakuna ubaya. Lakini kikundi cha kina mama kinachotaka mizinga ya kuweka kwenye ngitili ya kijiji, au vijana wanaotaka kutengeneza majiko banifu, wasijibiwe kwamba andiko lao ni la mazingira, wapeleke kwa wafadhili.

Waheshimiwa wa mijini wasidhani barua hii ni ya wafugaji. Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, kupita uchochoro kwa uchochoro kuchora nyumba, mitaro na madaraja, na kuonyesha maji hufika wapi. Mkazi wa Tandale anajua mtaro upi huziba kwanza na nani hutupa taka humo usiku wa mvua. Elimu hiyo iliingia kwenye ramani. Swali la kumuuliza diwani wa mjini ni kama ramani hizo huwa mezani pale bajeti ya mitaro inapopangwa, au mtaro unachimbwa pale palipo na kelele zaidi.

Kuna jambo dogo la vikao ambalo hudharauliwa. Mkutano wa kupanga mambo ya malisho ukiitwa saa nne asubuhi, wachungaji wako porini. Ukiitwa siku ya mnada, wanaume wako mnadani. Ukiitwa jioni, mama yuko jikoni. Kamati inayopatikana kwa mkutano wa namna hiyo itakuwa ya wastaafu na jamaa za mtendaji, watu wema pengine, lakini ng'ombe hawamilikiwi na wao wala kuni hawatafuti wao. Kamati iliyosahau wachungaji hutunga sheria dhidi ya wachungaji, na sheria hiyo huvunjwa usiku. Mbinu ya Fursa na Vikwazo katika Maendeleo, ambayo TAMISEMI iliwafundisha watendaji wenu miaka mingi iliyopita, ilikuwa na majibu ya mambo haya. Daftari zake bado zipo ofisi za kata.

Kinachoombwa kwenu ni kidogo, na kinawezekana katika kikao kijacho cha robo mwaka. Mwanasheria wa halmashauri alete mezani jedwali la ukurasa mmoja: sheria ndogo za mazingira zilizopokelewa kutoka vijijini, jina la kijiji, tarehe ilipopokelewa, na imefikia wapi. Lisomwe kwa sauti mbele ya waandishi wa habari na wananchi walioko ukumbini. Zilizo tayari zipitishwe siku hiyo hiyo, zenye kasoro zirudishwe kijijini na maelezo ya maandishi na tarehe ya kuzirejesha. Afisa misitu naye, kabla hajaomba fedha za miche ya mwaka huu, aeleze ya mwaka jana iliyosimama ni mingapi, iko kitongoji gani, na nani anaitunza.

Nakala ya barua hii iende kwa wakurugenzi watendaji, na nyingine ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, pale wanapobandika majina ya wadaiwa wa ushuru.